Chumvi Yenye Majina Mawili

Nyumbani kwangu hapa mtaa wa Buyenzi hakuna anayesema chumvi. Tunasema kikoleza. Nipe kikoleza, kikoleza kimezidi, nani kamaliza kikoleza akanyamaza. Wajukuu wangu wote walijua neno hilo kabla ya kujua kufunga viatu. Mmoja wao, msichana, alirudi siku moja kutoka shule macho yamevimba. Walipewa maharage yasiyo na ladha, naye akaenda kumwomba mpishi kikoleza. Watoto wenzake wakamcheka mpaka akaacha chakula.

"Nyanya, umenidanganya," akaniambia. "Ile kitu inaitwa chumvi."

Nilikuwa nakanda unga wa chapati. Nikamziba mdomo kwa mkono ule ule wenye unga.

"Shuleni sema unavyotaka. Hapa ndani apana."

Ilibidi nimweleze, maana alikuwa mtoto wa kuuliza, na usipomjibu anakufuata mpaka msalani. Mama yangu alikuwa mtu wa Uvira, Mswahili wa mjini tangu kwa babu zake. Kwetu mambo ya kukataza maneno hayakuwepo. Lakini baba mkwe wangu aliteremka kutoka milimani akiwa kijana, akajifunza cherehani na dini hapa mjini. Akapewa jina la Kiislamu, na lile la milimani likabaki chini yake kama fulana chini ya koti. Sitalitaja. Nitasema tu kwamba kwa Kirundi lilikuwa na chumvi ndani yake. Na kwa watu wake bibi arusi halitii mdomoni jina la baba mkwe, wala chochote kinachofanana nalo.

Mimi hakuna aliyeniambia. Asubuhi yangu ya kwanza ya kupika katika nyumba ile nilisimama katikati ya uwanja, sufuria ya sombe, majani ya muhogo, inachemka kwenye mbabula ya makaa, nikaita kwa sauti ya mtu mwenye nyumba: "Leteni chumvi!" Mchi ukasimama kwenye kinu. Wifi yangu, wakati huo bado msichana wa kusuka nywele mbili, akapiga makofi. "Amemtaja baba! Amemtaja baba!"

Mama mkwe hakunigombeza. Alikuja karibu, akaniambia polepole kwamba hapa tunasema kikoleza.

"Lakini mi nimesema kwa Kiswahili, mama," nikajitetea.

"Kwani kwa Kiswahili haina ladha ile ile?"

Nikatia kikoleza sufuriani. Baba mkwe amekufa, mama mkwe amekufa, mume wangu naye amekufa, na mimi bado nasema kikoleza. Wifi ndiye peke yake anayesema chumvi katika uwanja wetu, na anaisema makusudi, akinitazama. "Mi naweza. Ni baba yangu. We ndo huwezi, ulikuja na sanduku."

Mjukuu wangu alisikiliza yote hayo, kisha akauliza: "Kwa hiyo chumvi ni moja, lakini inategemea nani amekaa pale?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Sasa nipishe, chapati inakauka."

Alikulia mikononi mwangu kwa sababu mama yake, binti yangu, anafanya biashara ya vitenge kati ya hapa na Uvira na hatulii. Nasema bila aibu kwamba yule mtoto alikuwa na kichwa. Kirundi, Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza, na Kiarabu cha madrasa, vyote aliviokota kama kuku anavyookota mahindi, hakuacha punje. Alipomaliza chuo hapa akapata burse, ufadhili wa masomo, kwenda kusoma Indonesia, katika kisiwa kinachoitwa Java. Nilizunguka mtaa mzima kutangaza. Niliwaambia mpaka mafundi wa magari wanaolala chini ya malori mbele ya nyumba yetu, na wao walinisikiliza miguu tu ikiwa nje.

Wifi hakufurahi haraka. "Anaenda kusomea nini? Udaktari?"

"Lugha."

"Lugha gani tena? Zile tano hazimtoshi?"

"Lugha za huko. Kijava na Kisunda."

"Mutoto anapanda ndege mbili kwenda kujifunza kusema jambo," akasema wifi. "Hapa angekwenda tu kituo cha mabasi."

Na mimi kusema kweli sikujua kazi yenyewe ni nini, mpaka siku alipopiga simu ya video miezi michache baada ya kufika. Alikuwa amekaa barazani kwa bibi mmoja aliyempangisha chumba, nyuma yake migomba kama ya kwetu. Akasema: "Nyanya, unajua nini? Huku wana kikoleza cha kila kitu."

Akanieleza. Wajava wana maneno ya uwani na maneno ya mbele ya wakubwa. Ya chini wanayaita ngoko, ya juu wanayaita krama. Nyumba ina jina la chini na jina la juu. Kulala, kwenda, wali, mkono, vivyo hivyo. Ukisema na rafiki yako unatumia ya chini, na ukisema na mkwe, mzee au mgeni unapanda. Ukikosea, hakuna anayekupiga, ila mchi unasimama kwenye kinu. Hapo nikaelewa yote. Nikamwambia hata profesa wake asingenieleza vizuri zaidi, akacheka, akasema profesa alichukua wiki nzima.

Kazi yake yeye ilikuwa kulinganisha. Upande wa magharibi wa kisiwa hicho hicho wanakaa Wasunda, jirani za Wajava kama sisi na watu wa ng'ambo ya mto Ruzizi. Nao wana maneno ya chini na ya juu, na inasemekana mengi waliyaazima kwa Wajava zamani za wafalme. Lakini neno likivuka mpaka linaweza kuanguka cheo. Rafiki yake wa darasani, msichana wa Kisunda mwenye mashavu ya kucheka, alinipa mfano kwenye simu. Kula kwa Kijava cha juu ni *dhahar*. Ndilo neno la kumwambia mzee, umeshakula, mheshimiwa? Kwa Wasunda neno hilo hilo, *dahar*, ni la vijana wanaogombania mihogo barabarani. Ukimwambia mkwe wa Kisunda amedahari, umemvua kofia. Mjukuu wangu alitaka kujua maneno ya namna hiyo: yapi yalipanda, yapi yalishuka, na wazee wanayatumiaje midomoni mwao wenyewe.

Shida ikaja hapo, kwenye midomo ya wazee.

Siku hiyo nilikuwa Ruziba, nimechuchumaa ufukweni mwa ziwa nachagua ndagala, dagaa zetu, za kuuza, simu ikalia. Ilikuwa ujumbe wa sauti. Niliuweka sikioni. Sauti ya mtoto ilikuwa ndogo, ile ya siku ya maharage.

Alisema vijana aliowarekodi wote wanachanganya. Wanaanza kwa krama, katikati wanaishiwa, wanamalizia kwa Kiindonesia cha shuleni. Mwalimu wake akamwambia atafute mzee aliyekua nayo, aiseme mwenyewe, kwa kirefu. Na mzee wa namna hiyo alikuwa anaishi naye nyumba moja. Yule bibi mwenye chumba, anayepika keki za soya na kuzifunga kwenye majani ya mgomba, alikuwa na krama ya zamani yenye maneno ambayo hata mwalimu ilibidi ayafikirie. Lakini hamsemeshi nayo. Si kwa ubaya. Mbele ya mjukuu wangu anatoa ngoko tu, ngoko asubuhi mpaka jioni, na anamwita *nduk*, yaani kabinti. Alipombembeleza, bibi alishangaa. "Nikupe krama wewe niliyekufulia shuka ulipoumwa malaria? Mdomo wangu utapinda."

Mjukuu akamletea mwalimu mwenyewe. Bibi akamsalimu kwa krama vizuri kabisa, kisha akamtazama, akagundua ni mdogo kuliko kitinda mimba wake, akarudi chini. Na pale mtaani kwake hakuna tena mtu wa kumpandishia lugha. Mume, dada, wakwe, wote wametangulia. Wote waliobaki wanampa yeye krama, naye anawajibu ngoko, kwa sababu ndiye mkubwa.

"Nyanya, burse inaisha mwezi ujao," ujumbe ukamalizia. "Bila sauti yake kazi yangu haina miguu. Nitarudi mikono mitupu."

Damu ilinipanda. Mtoto wangu arudi mikono mitupu kwa sababu ya bibi mmoja mwenye keki? Niliacha ndagala kwenye beseni, nikampigia pale pale.

"Nipe huyo bibi niseme naye."

"Nyanya, apana..."

"Nipe. Mi ni muzee kama yeye. Nitamuuliza, mutoto ametoka mbali namna hii, unamnyima maneno? Maneno yanapungua ukiyatoa?"

Nilitaka kumgombeza, nisidanganye. Nilikuwa tayari nimeshika kiuno.

"Nyanya," akanikatiza, na sauti haikuwa tena ndogo. "Wewe ni mzee."

"Asante."

"Na ni mgeni. Na hujawahi kukaa jikoni kwake. Kwako wewe hawezi kushuka."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika utafiti wa lugha, na miguu yangu bado ina magamba ya samaki.

Alimuuliza mwalimu, mwalimu akakubali. Akamuuliza bibi mwenyewe na kumwambia wazi kwamba mashine itakuwa inarekodi. Bibi akakubali pia, ila akaomba siku kadhaa za kutafuta blauzi yake ya lasi. Nikampenda kidogo kwa hilo. Na mimi niliutoa mtandio wangu wa Idi.

Sasa ikabidi nifundishwe, maana huwezi kupandishiwa lugha na wewe umekaa tu kama gunia. Nilihitaji angalau salamu na jibu. Mjukuu akaniandikia kwenye simu kwa herufi kubwa. Salamu ilikuwa *Sampun dhahar?* Umeshakula, mheshimiwa? Jibu lilikuwa *Kula sampun nedha.*

Nikampigia. "Umekosea. Umeandika kula mara mbili."

"Wapi, Nyanya?"

"Hapa. Kula. Kisha hii nedha, umesema nayo ni kula."

Alicheka mpaka simu ikatetemeka. *Kula*, akasema, kwa Kijava cha juu ni mimi. Wanaitamka kama kulo, mdomo umeviringwa, lakini wanaandika kula. Mtu mbele ya mkubwa anajiita Kula. Niliwaza juu ya jambo hilo siku nzima. Watu wanaojiita Kula, si ajabu salamu yao ni chakula.

Rafiki wa Kisunda ndiye aliyenifanyisha mazoezi, kwa sababu mjukuu alikuwa na shughuli za kuandika. Mimi nilimwambia "sampun dhahar?" na yeye kila mara alifumba macho kama mtu aliyetiwa limau, maana kwao ndilo neno la mihogo. "Samahani, Nyanya," akasema kwa Kiswahili alichofundishwa na mjukuu wangu, "masikio yangu ni ya Kisunda." Wifi alikuwa amekaa pembeni akichambua mchele, akayashika maneno kabla yangu. Kutwa nzima alinipita uwanjani akiniuliza, "Sampun dhahar, mke wa kaka?"

Kitu kimoja tu hakikuniingia. Kwa nini yule bibi akiuliza atumie neno kubwa, *dhahar*, na mimi nikijibu nijipe neno dogo, *nedha*?

"Ndiyo adabu yao," mjukuu akasema. "Neno kubwa unampa mwenzako. Wewe mwenyewe hujipi."

"Mi ni mkubwa pia."

"Nyanya, tafadhali."

"Nimesikia," nikamwambia. Kusikia nilikuwa nimesikia.

Siku ikafika. Kwao ilikuwa alasiri, kwetu jua halijafika bado kichwani. Nilikaa ndani kwenye kiti cha plastiki, mtandio kichwani, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Wifi alikuja bila kualikwa, akajibanza nyuma ya mlango asionekane, akaonekana. Nje mafundi walikuwa wanagonga bodi ya lori moja la depo ya Zone Industrielle, kule viwandani, kelele ya kufufua maiti. Nilitoka.

"Wanangu, acheni nyundo kidogo. Naongea na Java."

"Java ni nani, mama?"

"Ni mbali."

Wakaweka nyundo chini. Mmoja akatandika boksi, akalala.

Uso wa bibi ukatokea. Mdogo, umekunjamana vizuri, nywele zimefungwa nyuma, blauzi ya lasi ya rangi ya papai. Tulianza na assalaam alaykum, wa alaykum salaam, alhamdulillah, na hapo hakuna aliyehitaji mkalimani. Kisha akanitazama. Niliona kwa macho yangu jinsi mgongo wake ulivyonyooka. Akaweka mikono mapajani, na sauti ikabadilika. Ikashuka, ikapungua mwendo, kama mtu anayepita kati ya wageni na bakuli la mchuzi lililojaa. Sikujua neno hata moja. Lakini nilijua ni sauti gani. Ni sauti niliyotumia mimi kumpelekea baba mkwe maji ya kunawa.

Pembeni ya picha niliona mjukuu wangu ameuma mdomo.

Ila ilikuwa fupi. Salamu mbili tatu, akamgeukia mjukuu, akamwambia kitu haraka haraka kwa ngoko. Mjukuu akanitafsiria uso umepauka: bibi anasema ana haya, hajui amwambie nini mtu mkubwa wa mbali. Alikuwa anatafuta namna ya kuaga. Nikaona kazi ya mtoto inakusanya viatu vyake kuondoka.

Bibi akageuka kwangu, labda kwa neno la mwisho la adabu.

"*Sampun dhahar?*"

Hapa ndipo nilipotakiwa kusema nedha. Nilikuwa nalijua. Lilikuwa limekaa mdomoni tayari. Lakini nimezaa, nimezika, nimelisha uwanja mzima kwa chapati na ndagala, na mbele ya mwanamke aliyevaa lasi kwa ajili yangu, wifi nyuma ya mlango anasikiliza, nikasema moyoni siwezi kula neno la mtoto. Nikainua kidevu.

"*Kula sampun dhahar.*"

Mimi, mheshimiwa, nimeshapata karamu yangu.

Yule bibi alifungua mdomo. Alijaribu kuufunga. Akaweka mkono wa blauzi usoni, mabega yakaanza kupanda na kushuka, kisha ikatoka, kicheko cha mwanamke aliyecheka mara nyingi maishani na anajua njia. Meno ya bandia yakalegea akayashika kwa kidole gumba. Rafiki wa Kisunda, ambaye nilikuwa sijajua yupo, alianguka ndani ya picha kutoka upande.

"Umemwambia nini huyo mutu?" wifi akanong'ona.

"Nimemwambia nimekula."

"Kwa hiyo umekula nini?"

Mjukuu wangu peke yake hakucheka. Alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili. Mimi nilikaa na kidevu changu pale pale kilipokuwa.

Halafu bibi aliniona. Aliona sicheki, akaacha kucheka. Amemcheka mgeni. Amemcheka mwanamke mzee wa watu, nyumbani kwake, mbele ya watoto. Akakaa sawa, akaweka viganja pamoja mbele ya kifua, akainamisha kichwa. "*Nyuwun pangapunten*," akaanza, na hayo nilifundishwa baadaye kuwa ni kuomba radhi.

Na hakuishia hapo. Krama ilitoka yote, Mungu wangu. Ilitoka kama maji ya bomba baada ya wiki ya ukame, kwanza ya kukohoa kohoa, kisha mfululizo. Maneno marefu, ya polepole, yenye kuinama. Kila alipopumua nilitikisa kichwa na kusema "naam, naam," maana sikujua la kufanya, na yeye akaona bado sijasamehe, akapanda ngazi nyingine juu. Mjukuu wangu alishusha mikono usoni. Hakutafsiri. Nilimwona akitazama taa ndogo nyekundu ya mashine ya kurekodi juu ya meza, na machozi yanamshuka bila yeye kuyashughulikia.

Bibi aliponyamaza, nikasema kwa Kiswahili: "Mwambie hapa nachekwa na wifi yangu kila siku iendayo kwa Mungu. Sina kidonda."

Akatafsiriwa. Akatabasamu, na akaendelea katika sauti ile ile, sasa haikuwa tena na haya. Mjukuu alinipa kidogo kidogo: bibi anasema kosa hilo hilo alilifanya yeye, alipoletwa kwa wakwe akiwa bado mtoto. Mama mkwe alimuuliza kama amekula, naye kwa woga akajipa neno kubwa. Nyumba nzima ilimgeukia. Usiku mama mkwe alimwita kando, akamfundisha yote, mkono, mguu, kulala, kuamka. Anasema huyo mama mkwe ndiye mtu wa mwisho aliyezungumza naye hivi kwa kirefu, na amefurahi kuona mdomo haujasahau.

"Mwambie na mimi," nikasema.

Nikamsimulia habari ya sombe, mchi uliosimama, na kikoleza. Mjukuu wangu alitafsiri kwa krama yake mwenyewe, taratibu, akijikwaa, na bibi alimrekebisha mara mbili bila kumdharau. Ilipofika kwenye chumvi, bibi aliinua kidole.

"*Uyah*," akasema, na akaonyesha chini, sakafuni. Kisha akanyanyua mkono mpaka usawa wa paji la uso, akasema polepole ili nisikie. "*Sarem*."

Chumvi ya uwani na chumvi ya mbele ya wakubwa. Hata huko.

Nyuma yangu mlango ukalia. Wifi alitoka mafichoni, akaja kusimama mbele ya simu na ungo wake wa mchele. "Muulize," akamwambia mjukuu, "mtoto wa kuzaliwa wa nyumba naye anasema sarem, au anaruhusiwa ile ya chini?"

Bibi akamjibu kwa kirefu sana, kwa lugha ya juu kabisa, maana wifi naye ni mzee, na ni mgeni. Jibu lilikuwa kwamba akiwa na baba yake jikoni anaweza kusema atakavyo, lakini akiwa na adabu hatasema. Sikuwahi kupata zawadi nzuri hivyo kutoka ng'ambo.

Rezo ya simu ilikatika bibi akiwa katikati ya neno, uso wake umeganda kwenye simu yangu, kidole kiko juu. Nikatoka nje kuwaambia mafundi waendelee. Yule wa kwenye boksi ilibidi aamshwe.

Ujumbe wa mtoto ulikuja jioni. Mwalimu wake alisikiliza sauti yote, akairudia, akasema hiyo ndiyo. Kuna maneno mle aliyasikia mara ya mwisho kwa bibi yake mwenyewe. Kazi ya mjukuu wangu ikapata miguu, na wiki zilizobaki za burse akaziandikia, akamaliza, akapita. Kabla ya kumaliza aliniuliza swali. Sauti yangu nayo imo kwenye rekodi. Nikitaka, wataikata, jibu langu lisibaki kwa watu kulicheka.

"Acha," nikamwambia. "Lakini andika kwamba nilijua. Nilichagua."

Aliandika. Alinisomea kwa simu, kwa Kiswahili, kwamba msemaji mgeni alitumia neno la juu kwa nafsi yake kwa kusudi. Nimewasomea watu wengi mtaani sentensi hiyo. Naijua kwa moyo.

Yule bibi na mimi bado tunapigiana baada ya sala ya Ijumaa. Hatuelewani. Yeye ananionyesha majani ya mgomba, mimi namwonyesha ndagala. Yeye ananipa krama yake, mimi nampa Kiswahili kizuri kuliko kile ninachowapa watu wa hapa.

Mjukuu alirudi kiangazi. Nilipika sombe kwa mawese na samaki wa mukeke wa kukaanga, tukakaa kwenye mkeka uwanjani, mimi, yeye na wifi. Akaonja. Akasimamisha kijiko.

"Nyanya, haina..."

Akanitazama mimi. Akamtazama wifi. Akafungua mdomo, akaufunga, msomi wa watu, akitafuta kati ya majina yote aliyonayo sasa.

"Sema lolote, sha," wifi akamwambia. "Chakula kinapoa."

Na yeye mwenyewe akanyoosha mkono kwangu, bila kunitazama, kwa sauti ya mtu anayekohoa.

"Mke wa kaka, sogeza hiyo sarem."